Mjomba wa Mchezaji

Nikolao wa kijiji cha Mnyambe hakuupenda mpira wa miguu, na hakuona haya kulisema hilo mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya padri, ambaye ndiye alikuwa refa.

"Watu wazima wenye nguvu zao," alikuwa akisema, "wanafukuzana juani kutwa nzima, na huku mikorosho yao imezama kwenye magugu. Wakishachoka wanaomba maji. Maji! Hapa kwetu!"

Lakini Mungu naye ana utani wake. Alimpa Nikolao dada mmoja tu, Dominika. Dominika akajaliwa mtoto mmoja wa kiume, Gervas, na huyo Gervas akazaliwa na miguu. Wilaya nzima ya Newala ilikuwa haijaona miguu ya namna ile. Ilipokutana na mpira, mpira ulitii. Watu walimwita Mashine, na wazee waliotembea kwa fimbo walisukumana na watoto kwenye mstari ili wamwone anavyowalaza mabeki.

"Miguu anayo, sikatai," Nikolao alikiri. "Ila Mungu alianzia chini. Alipofika kichwani, udongo ukawa umekwisha."

Angeweza kusema hivyo na kwenda zake shambani kama Gervas angekuwa mtoto wa jirani. Hakuwa wa jirani. Kwa Wamakonde wa ukoo wao mtoto ni wa upande wa mama, na mwanamume anayemsimamia ni kaka wa mama, mjomba, ambaye kwa Kimakonde humwita njomba. Baba yake Gervas alikuwepo, mtu mpole aliyekubaliana na kila mtu, lakini hakuwa na kauli. Njomba ndiye anayempeleka mtoto jandoni, njomba ndiye anayemposea mke, na mtoto akivuruga mambo, njomba ndiye anayesimama mbele ya watu, anavua kofia na kusema: "Mimi ndiye njomba. Acheni nijibu mimi." Hapo macho yote humwacha mkosaji na kumgeukia mjomba, na mkosaji huenda zake kucheza.

Nikolao alimjibia Gervas tangu mtoto hana meno ya mbele. Mara ya kwanza ilikuwa Oktoba, kiangazi kimekaza, watu wanahesabu maji kwa vikombe. Mpira wa matambara wa Gervas ulipiga pipa la jirani yao, Mama Zena, pipa likalala chali na mchanga ukanywa maji yote. Juu ya uwanda ule wa Wamakonde, mbali na maji ya bondeni, ukimwaga maji ya mtu Oktoba, afadhali ungemchomea paa. Nikolao alivua kofia, akajibu. Kisha yeye na mkewe wakashuka bondeni na madumu, wakapandisha maji kwa kichwa na mgongo, wakashuka tena na kupanda tena mpaka pipa likajaa. Gervas alikuwa wapi? Uwanjani. Hakuna aliyemwambia ashike hata kata, na Nikolao mwenyewe hakumwambia.

Sekondari mambo yalikuwa yale yale, ila yalikuwa yamevaa sare. Gervas alikamatwa akinakili mtihani wa mwenzake, na alinakili kwa bidii kiasi kwamba juu ya karatasi alinakili na jina la mwenzake. Akafukuzwa. Nikolao akapanda lori mpaka shuleni, akavua kofia, akasema maneno yale yale. Mkuu wa shule alisamehe upesi kuliko ilivyomstahili mtu mwenye cheo chake, kwa sababu mashindano ya shule yalikuwa yamekaribia na mshambuliaji mwingine hawakuwa naye. Njiani kurudi, Nikolao alijiona kama mtu aliyekwenda kuosha vyombo akakuta wageni bado wanakula.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Korosho zilizokuwa zikinunuliwa na ushirika peke yake sasa zilifuatwa mpaka uani kwa mkulima na wafanyabiashara binafsi, kila mmoja na lori lake, mizani yake na maneno yake matamu. Mitumba ilijaa masoko ya Newala na Masasi, redio zililia kila kibanda, na kila kitu kilikuwa na mnunuzi. Hata miguu ilipata mnunuzi. Huyo alikuwa Bwana Shamte wa Masasi, mnunuzi wa korosho, mtu wa kanzu safi na miwani ya jua ambayo hakuivua hata akiwa chumbani. Bwana Shamte alikuwa na timu yake mjini, na alikuwa mfadhili wa timu ya Chuo cha Ualimu Namitole. Kwa mdomo wake na wa mkuu wa chuo, Gervas alipata nafasi ya kusomea ualimu, ingawa vijana wenye vichwa kumzidi walibaki nyumbani wakipulizia salfa mikorosho ya baba zao.

Dominika alifurahi mpaka akalia. Katika ukoo wao hakukuwa na mwalimu hata mmoja. "Kaka," alisema, "mtoto wetu atashika chaki."

"Atashika," alijibu Nikolao. "Kuandika nayo ndiyo habari nyingine."

Chuoni Gervas aliishi kama bwana harusi. Alikula sahani mbili. Aliamka wenzake wakiwa wamekwishafanya usafi. Kazi zake ziliandikwa na mwanachuo mwenzake, Safari, kijana mwenye akili nyingi aliyefurahi mno kuonekana akitembea na Mashine. Wakufunzi walimpa alama na kutazama pembeni. Mmoja tu ndiye hakutazama pembeni, Mkufunzi Ziada, mama wa makamo wa Masasi, mwembamba, mwenye ushungi na sauti ya chini. Huyo kila alipompa Gervas sifuri, mkuu wa chuo aliikuta sifuri hiyo ikimsumbua usingizini, na kulipokucha ilikuwa imegeuka alama ya kufaulu.

Basi mwaka wa mwisho ukafika, na wanachuo wakagawanywa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Gervas akapangiwa shule moja ya msingi mjini Newala. Chuo kilikuwa na sheria: anayeshindwa kufundisha hagusi jezi mpaka arudie mwaka na kufaulu. Dominika, ambaye moyo wake haukutulia, alimfungia kaka yake mihogo mikavu na kuku mmoja. "Mpelekee mtoto. Na umtazame."

Nikolao alimkuta kijana wake amejilaza kwenye baraza ya nyumba aliyopanga, amevaa suti ya mazoezi, anatafuna muwa.

"Shikamoo, njomba."

"Marahaba. Naambiwa kesho anakuja mkufunzi. Umejiandaa?"

"Mambo safi, njomba. Nimewapanga."

"Umewapanga nani?"

"Watoto. Kila mtoto nimempa swali lake na jibu lake. Wameshika kama sala."

"Na ambaye hukumpa swali?"

"Anakaa kimya," alisema Gervas, akatema kapi la muwa. "Kukaa kimya nako nimewafundisha."

Asubuhi Nikolao alikwenda shuleni, akakaa barazani nje ya darasa, karibu na dirisha lisilo na kioo. Kabla Mkufunzi Ziada hajafika, kelele zikapanda kutoka upande wa soko: bomba limetoa maji! Mtu asiyeijua Newala atashangaa, lakini bomba likitoa maji baada ya majuma ya ukavu, hata ndoa huahirishwa. Mwalimu mkuu mwenyewe alipita darasani akachagua watoto wenye nguvu, akawapa ndoo za shule na kuwatimua kwenye foleni. Darasa la Gervas likabaki nusu. Mwalimu mwingine angebadilisha maswali. Gervas hakuwa na maswali mengine.

Mkufunzi Ziada aliingia, akaketi nyuma, akafungua kalamu. Gervas alisimama mbele, kifua kimetanda, sauti nzuri. Somo lilikuwa la jiografia ya mkoa.

"Zao la biashara la mkoa wetu ni lipi?"

Kimya. Watoto walitazamana. Ilikuwa msimu wenyewe, vidole vyao bado vilikuwa vyeusi kwa utomvu, na tawi la mkorosho lilikuwa limeingiza mabibo yake mekundu ndani ya dirisha, karibu kabisa na ubao. Hakuna mkono uliopanda. Swali lilikuwa la Fikirini, na Fikirini alikuwa kwenye foleni ya maji.

"Zao la biashara!" Gervas alipaza sauti. Akamnyooshea kidole msichana wa mbele. "Wewe!"

Msichana akasimama, mikono nyuma. "Mwalimu, hilo si langu."

"Jibu!"

"Mwalimu, langu ni Mto Ruvuma."

Nyuma ya darasa, Mkufunzi Ziada aliinua kichwa. Aliuliza kwa upole, "Binti, kwenu mnalima nini?"

"Mihogo, mwalimu. Na mbaazi."

"Na mnauza nini?"

"Korosho."

"Basi zao la biashara ni nini?"

Msichana akamtazama Gervas, akautazama mlango ambako Fikirini hakutokea, machozi yakaanza kumlengalenga. "Hilo ni la Fikirini," alisema.

Nje, Nikolao aliangua kicheko akajiziba mdomo kwa kofia. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma, kisha kicheko kikakata ghafla, akabaki na hasira tupu. Yule mtoto alikuwa anajua. Alizaliwa chini ya mkorosho, amebangua korosho mpaka maganda yakamchoma vidole, na mtu mmoja mvivu mwenye miguu mizuri alikuwa amemfundisha asijue. Nikolao aliwadharau watu wengi maishani, na aliwadharau kwa raha. Siku ile hakuona raha yoyote. Yule kuku aliyetumwa na Dominika hakumwacha kwa Gervas, alimrudisha Mnyambe.

Mkufunzi Ziada aliandika sifuri, na safari hii akatuma nakala mkoani kabla mkuu wa chuo hajapata usingizi wa kusumbuliwa.

Ikawa vurugu. Mashindano ya vyuo ya kanda yalikuwa mlangoni, na jezi ya Mashine ilikuwa imefungiwa kabatini. Bwana Shamte alikuja chuoni na lori. Mkuu wa chuo alitafuta mlango wa uani, akaupata. Kama mzazi au mlezi angefika na kutamka, mbele ya mkufunzi aliyehusika, kwamba kijana alikuwa mgonjwa siku ile, basi somo lingehesabika halikufanyika. Gervas angepimwa upya palepale chuoni, mbele ya wanachuo wenzake watakaojifanya watoto, na atakayempima angekuwa mkuu wa chuo mwenyewe. Neno moja tu lilitakiwa: homa.

Lori la Bwana Shamte likatumwa Mnyambe kumchukua njomba.

Dominika alifika kwa kaka yake kabla lori halijazima moto. Hakukubali kiti.

"Utasema alikuwa na homa," alisema.

"Nilikuwepo, Dominika. Homa walikuwa nayo wale watoto."

"Sijakuuliza ulichokiona. Nakwambia utakachosema. Kaka, huyu ndiye mtoto niliyepewa. Akifelishwa pale, harudi kwenye kitabu, wewe unamjua. Atakuja kukaa hapa anywe uraka, pombe ya mabibo, na wenzake mpaka azeeke." Akamtia kofia mkononi. "Siku zote umemjibia. Usipomjibia leo, mimi sina kaka."

Nikolao alipanda lori. Alikwenda akiwa amekata shauri kusema homa, na ukweli huu hautakiwi kupambwa. Dada alikuwa mmoja, na uongo wenyewe ulikuwa mfupi. Alikuwa amekwisha kusema mengi zaidi ya hayo kwa ajili ya kijana yule. Kutoka uwandani mpaka wanateremka kuelekea Masasi, kwenye milima ya mawe, alilifanyia neno lile mazoezi kimoyomoyo, akaliona linapita kooni bila taabu.

Ofisini kwa mkuu wa chuo aliwekewa soda, akaitwa mzee, akavutiwa kiti chenye mto. Bwana Shamte alikuwa amekaa na miwani yake. Mkufunzi Ziada alikuwa karibu na mlango. Gervas alikuwa pembeni, amevaa suti ya mazoezi, na chini ya meza alikuwa akiviringisha chupa tupu ya soda kwa unyayo, mbele na nyuma, mbele na nyuma.

"Mzee Nikolao," mkuu wa chuo alianza, "hatutaki kukuchosha. Mzazi akitamka kwamba mtoto wake alikuwa mgonjwa, sisi ni nani tupinge?"

"Kijana huyu ni mali ya mkoa, mzee wangu," alisema Bwana Shamte.

"Mali ya mkoa ni korosho," alijibu Nikolao. "Wanafundisha hivyo darasani, wakiwepo wenye swali lao."

Bwana Shamte hakuelewa, akacheka kwa adabu. Mkufunzi Ziada alielewa, lakini hakucheka.

"Mzee," alisema kwa sauti yake ya chini, "mimi nilimwona siku moja, wewe umemlea. Wameniambia nisipokubali nitahamishwa. Sina nguvu ya kushindana na watu hawa wote. Ukisema alikuwa na homa, nitaandika homa."

Ikawa zamu ya njomba. Neno lilikuwa tayari ulimini. Nikolao hakujua baadaye kwa nini alimgeukia kwanza kijana. Labda alitaka kitu kidogo tu cha kumsaidia, uso wenye aibu, jasho, chochote.

"Gervas. Wewe mwenyewe unasemaje?"

Chupa ilisimama chini ya unyayo. "Njomba atasema."

"Nakuuliza wewe. Ulikuwa na homa?"

"Lakini, njomba," alisema Gervas, "si ndiyo kazi yako?"

Hakusema kwa kejeli. Kama kungekuwa na kejeli, Nikolao angekasirika, angemtukana, na baadaye angesema homa. Gervas aliuliza kwa moyo mweupe kabisa, amekunja uso kidogo, kama mtu anayemkumbusha fundi kwamba nyundo ni yake. Kisha chupa ikaanza tena, mbele na nyuma. Nikolao aliona maisha yote ya kijana yule: maji ya Mama Zena, karatasi yenye jina la mwenzake, na baadaye darasa baada ya darasa la watoto waliokaa kimya. Akaona na mtu aliyefanya hayo yote yawezekane. Mtu huyo alikuwa na kofia mkononi.

Alisimama.

"Mimi ndiye njomba," alisema. "Nimekuja kujibu."

Mkuu wa chuo akashusha pumzi, akavuta kalamu.

"Hakuwa na homa. Nilikaa nje ya dirisha nikaona. Hajui kufundisha, kwa sababu hajui kitu, na hajui kitu kwa sababu hajawahi kufanya kitu. Aliandikiwa, akaombewa, akachotewa maji. Aliyemchotea ni mimi, na langu nitalibeba nyumbani kwangu. Hii sifuri ni yake. Ndicho kitu pekee alichokipata hapa kwa mkono wake mwenyewe. Mwacheni nayo."

"Mzee, fikiria," alisema mkuu wa chuo.

"Nimefikiria. Na kuanzia leo simjibii tena, si hapa wala kwetu." Akamgeukia Bwana Shamte. "Lori lako silihitaji, bwana. Nitapata usafiri."

Gervas alimfuata mpaka getini, mara hii mbio zake hazikuwa na madaha. "Umeniua, njomba! Umeniua mbele ya watu!"

"Hujafa. Umefeli. Wanaofeli wanarudia."

"Sikusamehi."

"Hilo nalo lifanye mwenyewe," alisema Nikolao, akavaa kofia.

Chuo kilifungwa mabao ya aibu kwenye mashindano, na wanaume wa Mnyambe waliokuwa hawajakanyaga chuoni maisha yao walimlaumu Nikolao kana kwamba yeye ndiye aliyekaa golini. Hao hawakumuuma. Aliyemuuma ni Dominika, ambaye alipita mbele ya nyumba yake akienda kisimani, akatazama mbele. Alisema hana kaka, na alikuwa mwanamke wa neno lake. Ukoo ukakaa kikao. Wakaamua kwamba mjomba asiyemjibia mtoto si mjomba, na nafasi ikapewa mdogo wake Nikolao, Bonifasi, mtu mwema anayeitikia kabla hujamaliza kusema. Nikolao aliwaambia wamechagua vizuri, godoro ni bora kuliko kiti kwa mtu anayetaka kulala. Usiku wa kikao kile hakula, na mkewe hakumuuliza.

Gervas alikwenda kuchezea timu ya Bwana Shamte mjini Masasi. Msimu mmoja alibebwa mabegani. Msimu uliofuata Bwana Shamte alipata kijana mwingine kutoka upande wa Lindi, mdogo zaidi, mwepesi zaidi, na Mashine akaanza kukaa benchi akishika mabegi ya wenzake. Akaenda kulalamika. Bwana Shamte alimsikiliza kwa miwani yake, akamwambia soko ni soko. Bonifasi naye alikwenda kubembeleza, akarudi na soda tumboni.

Ni Bonifasi huyo huyo aliyemletea Nikolao habari, siku alipokuja kuazima bomba la kupulizia salfa.

"Amerudi chuoni," alisema. "Nilitaka kwenda naye nikamwombee. Kakataa. Kasema kule mjomba hajibu. Kaenda peke yake, kabisha kwa yule mama Ziada, akamwambia nimekuja kurudia."

Nikolao aliacha alichokuwa akifanya. "Anasoma?"

"Anasoma kama mtu aliyetukanwa. Yule Safari ameshaajiriwa, wa kumwandikia hana. Mpira kauacha mpaka siku za mapumziko. Kaka, nisikufiche, anafanya kwa hasira. Anasema atafaulu ili asije akakuomba kitu maisha yake yote."

"Vizuri," alisema Nikolao.

"Vizuri? Anakuchukia!"

"Basi chuki ndiyo kazi ya kwanza aliyoianza bila kusaidiwa. Mwache aimalize." Akampa mdogo wake bomba, akamfundisha namna ya kulishika, ingawa Bonifasi alikuwa akilijua, kwa sababu alihitaji kutazama chini.

Gervas aliimaliza. Alifaulu, si kwa kung'ara, bali kwa alama za mtu aliyelima mwenyewe kwa jembe butu. Serikali ikampangia Mnyambe, shule ya kwao. Dominika alichinja. Wimbo wa wanawake ulisikika mpaka uani kwa Nikolao, naye akaketi akichambua korosho zake, nzuri huku, mbovu kule, na kumwambia mkewe kwamba watu wa siku hizi wanapiga vigelegele hata mtu akijua kusoma. Alingoja kijana aje. Alikuwa amemwandalia maneno, makali na ya kuchekesha, na chini ya maneno hayo alikuwa amemwandalia kiti. Gervas hakuja. Muhula ukapita, Gervas akipita barabarani kwa baiskeli, na Nikolao akiwaambia watu kwamba hana habari naye.

Alikuja msimu wa korosho, mchana, na vumbi la chaki kwenye mikono ya shati. Alisimama pembeni mwa ua, hakuingia.

"Hodi."

"Karibu." Nikolao aliinuka upesi mno kwa umri wake.

"Shikamoo, mzee."

Mzee. Kama mtu anavyomwamkia yeyote anayekutana naye njiani. Nikolao alisubiri kidogo, pengine neno lingine lingefuata. Halikufuata.

"Marahaba," alisema.

"Nimekuja kwa habari ya mjukuu wako, Kulwa. Yuko darasani kwangu. Wiki hii yote hajaja."

Kulwa alikuwa palepale, chini ya mkorosho, na kikapu kichwani. Nikolao aliona haya, na haya hiyo ilimpandisha ukali. Alivua kofia. Alikuwa na jibu la kutosha: msimu ni mfupi, wafanyakazi hawapatikani, na mtoto hakujituma mwenyewe. "Mwalimu," alianza, "mimi ndiye niliye..."

Gervas aliinua mkono, bila ufidhuli.

"Sikukuuliza wewe, mzee. Namuuliza yeye." Akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto. "Kulwa. Kwa nini huji shule?"

Kulwa alimtazama babu yake. Nikolao alifumba mdomo, akageuza uso pembeni ili mtoto asipate msaada wowote kutoka kwake.

"Nilikuwa naokota korosho," Kulwa alisema mwishowe. "Na nilikuwa naogopa hesabu za kugawanya."

"Kipi zaidi?"

"Kugawanya."

"Basi tutaanzia hapo. Kesho utakuja?"

"Nitakuja."

"Umesema wewe." Gervas akasimama, akajipangusa magoti, akatikisa kichwa kumuaga mwenye nyumba. Wakatazamana. Nikolao alikuwa na yale maneno yake yote makali, aliyoyaweka kwa muda mrefu, na kila moja lilikuwa bado zuri. Kijana akachukua baiskeli, akaanza kuisukuma kuelekea barabarani.

"Mwalimu!" Nikolao aliita.

Gervas akageuka.

"Hakuna kitu," alisema Nikolao. "Nilikuwa nakuita tu."

Gervas alisimama kitambo, mkono kwenye usukani. Kisha akapanda baiskeli akaenda zake, kwa sababu kipindi cha mchana kilikuwa kinaanza.